Gari Salama Kwenye Barabara ya Lusangi

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Nimerudi Kasongo na gari nusu tupu. Tena. Viti vya nyuma vilibeba mwanamke mmoja, kuku wake, na hewa.

Kamaldine, shofere mwenzangu, yeye alijaza mpaka mlangoni. Na huo mlango wenyewe umefungwa kwa kamba. Freni zake anaanza kuzikanyaga juu ya mlima ili zikamate chini ya mlima. Mtu akipanda kwake asubuhi, anafika Lusangi ameshasahau alichoendea. Na bado wanamgombania.

Nilimuuliza Mama Pascaline, muuza samaki wa kukausha, aliyekuwa mteja wangu tangu jipu hili, yaani jeep yangu ya abiria, lilipokuwa na rangi. Kwa nini amehamia kwa yule? Akasema kwa Kamaldine anaogopa kidogo, kwangu anaogopa sana. Eti mwendo wangu unamfanya aungame dhambi ambazo bado hajazitenda.

Nimefikiri njia nzima, nikapata. Watu wa hapa hawataki mwendo mdogo. Wanataka kutokufa. Ni mambo mawili tofauti! Basi nitawauzia kutokufa. Mikanda kwenye viti, ya kuagiza Bukavu. Freni mpya. Chuma kikubwa mbele, kama vile vya magari ya wakubwa. Kamaldine abaki na kamba yake.

Nilimweleza mke wangu Emilienne akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akasema, bila kuacha kutwanga, kwamba kama watu wanaogopa mwendo, nipunguze mwendo. Hiyo haiagizwi Bukavu. Nikamjibu kwamba biashara si sombe.

Ijumaa, 8 Novemba

Vitu vimefika. Freni mpya. Pine mpya, tairi zenye meno. Mikanda ya kila kiti. Na kengele ndogo inayolia mtu akikaa bila kujifunga, ambayo fundi aliitoa kwenye gari la mtu aliyehama.

Christophe, mchomelea vyuma wa karibu na soko, amenitengenezea chuma cha mbele. Nilimwambia akifanye kinene. Akauliza kinene namna gani. Nikasema namna ambayo mti ukikiona ujute kuota hapo. Alipomaliza, jipu liliinama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji.

Kisha nikamwita mchora maandishi aliyejifunzia kazi Kigoma. Nilitaka neno moja tu, la kuonyesha kwamba gari hili linalinda watu. Akaandika KINGA. Herufi nyekundu, ubavuni, kubwa. Kwa Kiswahili cha huko Tanzania, sawa, kinga ni kitu cha kukulinda na mabaya. Hapa kwetu kinga ni baiskeli.

Parking nzima ilicheka. Gari limeandikwa baiskeli! Kamaldine alilizunguka polepole, akachungulia chini, akauliza kwa upole pedali ziko wapi. Neno linabaki. Wivu hauna kamusi.

Jumatatu, 11 Novemba

Safari ya kwanza ya gari salama.

Mama Pascaline amerudi kwangu, alikuja kuangalia mikanda na akabaki. Ila kwanza alikataa kujifunga. Alisema kufungwa ni kwa mtu aliyekamatwa. Muzee Zakaria, aliyekuwa anapeleka mbuzi kwa wakwe zake Lusangi, alichukua mkanda wake akamfunga mbuzi. Akasema mbuzi ndiye anayesubiriwa, yeye ni mzee tu. Kengele ililia mpaka nikawabadilisha.

Tulipotoka mjini niliona jambo la ajabu. Zamani nikikanyaga mafuta gari zima lilikuwa linapiga kelele, polepole shofere, tuko na watoto. Leo kimya. Mikanda imefunga mpaka midomo.

Ule mlima wa kushukia Lusangi, ambao siku zote naushuka na jina la Yesu mdomoni, leo nimeushuka bila kutaja mtu. Sikupunguza juu. Sikupunguza katikati. Nilingoja mpaka kona, nikakanyaga. Likasimama kama limeitwa na mwalimu. Safari ijayo nitangoja zaidi kidogo.

Nilitazama nyuma kwenye kioo. Muzee Zakaria amelala. Mama Pascaline amelala, mdomo wazi. Mbuzi peke yake ndiye alikuwa macho, ananitazama kama mtu mwenye familia.

Jumatano, 13 Novemba

Gari linajaa mpaka nakataa watu. Kamaldine leo ameondoka na viti vitupu. Nimempungia mkono. Ameitikia, mnafiki, kwa tabasamu.

Lakini wenye wivu hawalali. Kuku alikatiza barabara, nikakanyaga freni, gari likasimama palepale. Yassine, yule motari anayebeba wachimbaji wa Salamabila, alikuwa nyuma yangu. Akaingia na pikipiki yake kwenye mlango wangu wa nyuma. Kwa pua. Pua imevimba kama muhogo.

Watu wakakusanyika, wakasema kosa ni langu, nimesimama ghafla. Nikawauliza tangu lini freni nzuri ni dhambi. Yassine, ameishika pua kwa mikono miwili, akaeleza kwamba kwenye barabara hii kila mtu anajua freni za mwenzake. Gari la Clovis, yaani mimi, lilikuwa likianza kusimama kwenye mwembe wa kwanza linasimama kwenye wa pili. La Kamaldine likianza leo linasimama kesho. Watu wamejipangia hivyo miaka yote. Sasa mimi nasimama mahali ambapo hakuna aliyepanga.

Hiyo ndiyo akili ya motari.

Na watembea kwa miguu wameharibika pia. Habari ya freni imeenea, basi wanavuka mbele yangu wakiongea. Mwanamke mmoja alisimama katikati ya barabara akafunga kitenge chake upya, taratibu, akipima urefu. Nilipiga klaksoni. Akaniambia nitumie vyuma vyangu vya Bukavu.

Nampa mtu usalama, naye anaufanyia uzembe. Nchi hii ni ngumu.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimepata wazo la pili. Sijui kwa nini halikunijia mapema.

Kengele inalia kiti kikiwa na uzito na mkanda haujafungwa. Haiulizi uzito wa nini. Leo nilikuwa na mchele wa tajiri mmoja wa kupeleka Kabambare. Mchele ukiwekwa juu ya gari unalowa, unatoboka, wasafiri wanaukalia. Ndani, kwenye kiti, umefungwa mkanda, unakaa vizuri kuliko mtu. Haulalamiki. Hautapiki.

Basi magunia ndani, watu juu. Gari ni imara sasa, linaweza kubeba. Waliokuwa juu niliwapa kamba ya kushika.

Emilienne alikuja parking kuniletea bugali ya njiani. Alisimama akaangalia juu, akaangalia ndani. Akauliza kwa nini mchele umefungwa na binadamu hawajafungwa. Nikamwambia kengele haijalia.

Aliniachia chakula akaenda.

Jumapili, 17 Novemba

Asani amekuja kula kwetu baada ya misa. Ni mdogo wake Emilienne, wa mwisho kwa mama yao. Kazi yake ni kusukuma baiskeli yenye vidumu vya mawese kutoka vijiji vya Lusangi mpaka kwa wachimbaji huko Salamabila. Ana miguu kama michi ya kutwangia. Ni mtu wa maneno machache, lakini leo alikuja na neno.

Alisema wenzake wa baiskeli wananizungumzia. Nilifurahi, nikamwongezea samaki. Akaendelea kwamba zamani walikuwa wanasikia gari langu likipunguza kabla ya kona, wanapata muda wa kuvuta mzigo pembeni. Siku hizi hawasikii likipunguza. Wanasikia likija tu. Mmoja alirukia shimoni wiki hii, vidumu vikampasukia.

Nilimweleza kuhusu freni mpya. Hakuna sababu ya kupunguza mapema mtu akiwa na freni za kusimama kabla marehemu hajapatikana. Nilimweleza pia kuhusu chuma. Alisikiliza mpaka mwisho, anasafisha mfupa wa samaki.

"Shemeji," akasema, "ile chuma yako inalinda nani?"

Nikasema watu.

"Watu gani?"

Nikasema wale wa ndani. Akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa kitu alichokuwa anakijua, akamwomba dada yake maji ya kunawa. Emilienne alinitazama juu ya sufuria.

Nafikiri naye anaona wivu. Mtu wa baiskeli hawezi kupenda gari.

Jumatano, 20 Novemba

Sitaki kuandika ya leo. Nitaandika.

Mvua tangu alfajiri. Wale waliokuwa wapande juu walihamia wote kwa Kamaldine kwa sababu ana turubai. Niliondoka Kasongo na hasira. Mbele nilikuwa na Mama Pascaline na abiria wachache, nyuma mchele. Kamaldine alikuwa ametangulia. Nilimkuta karibu na mlima, nikampita kwenye majani, nikampigia klaksoni ndefu. Hakuna aliyeniambia polepole. Mama Pascaline alikuwa amelala.

Nikaanza kushuka. Nikangoja. Nikangoja mpaka kona, nikakanyaga.

Freni zilikamata, siwezi kuzisingizia. Magurudumu yalisimama kabisa. Matope ndiyo hayakusimama. Gari lilishuka limesimama, ubavu ubavu, kama mtu aliyekanyaga sabuni. Pale kwenye kona kulikuwa na mtu anasukuma baiskeli, ameinama chini ya plastiki. Alisikia. Aliruka. Lakini upande aliorukia ni ukingo wa udongo, mrefu, hauna pa kushika.

Chuma kilimkuta hapo.

Ndani ya gari hakuna aliyepata hata mchubuko. Mikanda iliwashika wote, pamoja na mchele. Mama Pascaline aliamka akauliza kama tumefika.

Nilishuka. Mawese yalikuwa yanateremka na maji, mekundu, barabara nzima. Nikamwondolea yule mtu plastiki usoni. Asani.

Mguu wake ulikuwa umegeukia upande ambao miguu haigeukii. Hakulia. Alinitazama, kisha akatazama vidumu, akaniomba nivizibe vile ambavyo bado vina mafuta.

Nilitaka kumlaza garini. Hapakuwa na pa kumlaza. Nyuma yote ni magunia, mikanda imelowa na kukaza. Kila nikifungua mkanda kengele inalia. Niliupiga ngumi ule mkanda. Niliuuma kwa meno. Kengele inalia tu.

Kamaldine akatokea juu ya mlima. Alikuwa ameshaanza kukanyaga freni zake huko huko juu, kama siku zote, kwa hiyo alituona na alikuwa na muda. Alisimama mbali. Abiria wake walishuka wenyewe kwenye mvua bila kuambiwa. Wakambeba Asani kwenye turubai, wakamlaza, Kamaldine akataka kugeuzia penye upana pale chini, amrudishe Kasongo. Gari langu lilikuwa limekatiza njia.

Nilitegemea anitukane. Alisema tu, "Clovis, sogeza gari, mutu apite."

Nikasogeza. Lilikubali kuwaka mara moja. Chuma cha mbele hakina hata alama.

Ijumaa, 22 Novemba

Asani yuko hospitali. Daktari amesema mguu utabaki, lakini utakuwa mfupi kuliko mwenzake. Kutembea atatembea. Kusukuma mzigo mlimani, basi. Hiyo kazi imekwisha kwake.

Emilienne amehamia huko na mkeka na sufuria. Nyumba inanuka moshi wa jana.

Nimekaa, nimefikiri. Jambo hili ni baya, nakubali. Lakini lazima tuseme ukweli wote. Ajali kubwa vile, na abiria hata mmoja hakuumia! Hiyo kwa Kamaldine isingewezekana, mlango wake ungebaki barabarani. Nilipiga picha chuma kwa simu, karibu, ionekane kilivyo kizima. Nikaenda parking nikawaonyesha watu. Niliwaeleza kwa sauti ya huzuni, kama inavyofaa.

Hakuna aliyepanda. Mama Pascaline alikuwa amekaa kwa Kamaldine tayari, kikapu magotini, hakunitazama. Ila mashofere wawili waliniita pembeni. Wakaniuliza nani alikichomea, na kama anaweza kufanya kinene zaidi.

Mchana nilipeleka machungwa hospitali. Picha ilikuwa imenitangulia, simu za watu hazina siri. Asani amelala na uso ukutani. Emilienne alinitoa mpaka kwenye baraza. Hakupandisha sauti.

"Ndani ya gari yako iko salama," akasema. "Nimekubali. Mudogo wangu alikuwa inje."

Akarudi ndani. Machungwa aliyachukua.

Jumanne, 26 Novemba

Kikao cha familia, Lusangi, kwa baba mkwe, Muzee Roger. Wajomba, mashangazi, katekista wa kushuhudia. Mimi peke yangu kwenye kigoda, karibu na moshi. Emilienne alikaa upande wa wanawake. Hajaniambia neno tangu barazani hospitali. Si kununa, kununa nakujua. Ananipita kama kiti.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilieleza matope. Nilieleza kwamba mvua si yangu. Nilieleza kwamba gari lilisimama, ni barabara iliyoendelea. Katekista alikohoa. Nikaona wanaanza kunielewa, basi nikaongeza kwamba hata Asani, kama angekuwa amepanda kwangu siku ile, angefika mzima.

Katekista alifunga daftari lake.

Muzee Roger ni mtu aliyelima maisha yake yote na huongea kama mtu anayetumia jembe, pigo moja pigo moja. Alisema hataki mbuzi wangu wa fidia. Hataki kunishtaki kwa mkubwa yeyote. Mwanawe alikuwa na wateja wanaomtegemea kule machimbo, na mke, na watoto, na vyote hivyo vilikuwa vinakula kwenye ile miguu.

"Funguo ya gari utaniachia," akasema. "Na kinga ya mutoto wangu utaisukuma wewe. Mpaka yeye mwenyewe aseme basi."

Nilicheka kidogo, nikidhani ni mfano. Haukuwa mfano. Shangazi mmoja alishaileta baiskeli, imenyooshwa, vidumu vimefungwa.

Jipu limebaki uani kwa Muzee Roger. Kuku wamepanda juu ya chuma cha mbele kabla hata sijafika barabarani.

Alhamisi, 5 Desemba

Mikono imechubuka. Mabega yamekufa. Nimejua sasa kwa nini Asani haongei, pumzi haipatikani.

Baiskeli ya mzigo haipandwi. Unaishika kwa fimbo iliyofungwa kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, unaisukuma mlimani kama mtu anayebishana na fahali. Kushuka ndiko kubaya zaidi. Inakuvuta, unaizuia kwa kisigino.

Na magari! Wale mashofere wawili wamechomewa vyuma vyao. Mmoja, chake kimejaa mpaka huoni taa. Amechora ubavuni SALAMA TUPU. Alinikuta kwenye kona ileile ya ukingo wa udongo. Sikusikia akipunguza. Nilisikia akija. Niliacha baiskeli, nikajitupa kwenye majani kama chura. Alipita karibu mpaka nikaona abiria wake kwenye kioo. Wamefungwa mikanda. Wamelala.

Nilibaki nimekaa kwenye majani. Nikafikiri. Nilikuwa nakaribia jambo fulani, kuhusu mwendo, na kuhusu nani anaogopa na nani anapaswa kuogopa. Lilikuwa karibu kabisa, naliona. Kisha siafu wakanipanda mguuni, nikaruka, likapotea.

Kamaldine alinikuta najikung'uta. Alisimama kule mbali anakosimama, akaja kwa miguu. Akasema ana nafasi, tupakie vidumu na baiskeli, anipeleke mpaka mwisho wa mlima, hataki kitu. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa usalama, sipandi gari lisilo na mikanda. Akasema sawa. Alinisaidia kuinua baiskeli, akaenda zake.

Jioni nilipata jibu. Shida si mwendo. Shida ni kwamba mtu wa baiskeli hana chombo chochote cha kumlinda. Yuko uchi.

Jumanne, 10 Desemba

Yassine ameniachia kofia yake ya motari. Ile ngumu, nyeusi, yenye kioo cha mbele. Aliipata baada ya pua, lakini anasema inamchemsha ubongo na hasikii wateja wakimwita. Nimeibadilisha na tochi yangu.

Nimeivaa nyumbani. Jambo la ajabu. Dunia yote imenyamaza. Sisikii watoto wa jirani. Sisikii redio. Nilijigonga kichwa ukutani kwa makusudi, mara kadhaa, sikuumia. Nilisikia amani ambayo sikuisikia tangu Novemba.

Nilipita hospitali kumwonyesha Asani. Yeye huwa ananijibu siku hizi, kwa kifupi, kwa sababu nampelekea habari za wateja wake. Aliigeuza ile kofia, akaingiza mkono ndani, akagonga kwa nje, akasikiliza. Akaniambia nisiivae barabarani. Alisema mtu anayesukuma kinga hana kioo cha kutazamia nyuma, masikio ndiyo kioo chake. Yeye siku ile aliruka kwa sababu alisikia. Asingesikia, tusingekuwa tunaongea.

Nikamwambia kwamba kama angekuwa na kofia asingehitaji kuruka. Akaniangalia. Nikamkumbusha kwamba kichwa si mguu, nakubali, lakini mtu huanza na kimoja.

Emilienne alikuwa amekaa pale, anachambua mchele. Alichukua kofia mapajani mwa Asani akaiweka chini, mbali, kama mtu anayeondoa mtoto wa nyoka.

Jumamosi, 14 Desemba

Siku kubwa! Naandika nimekaa chini ya mlima wa Lusangi, baiskeli imelala kando yangu, vidumu vyote vizima isipokuwa viwili.

Nimeanza asubuhi na kofia kichwani. Magari mawili yamenipita, sikuyasikia, kwa hiyo sikuogopa, kwa hiyo sikuruka, kwa hiyo sikupoteza muda. Mashofere ndio waliokwepa. Mmoja aliingia majanini. Kumbe ndivyo inavyotakiwa!

Nilipofika juu ya mlima nikajiuliza, mtu mwenye kofia kama hii anashuka kwa miguu kwa nini? Asani hakuwahi kupanda baiskeli yenye mzigo kwenye mlima huu. Hakuna aliyewahi. Lakini wao hawakuwa na kofia. Nikapanda juu ya vidumu, nikainua miguu.

Sijawahi kwenda hivyo hata na jipu. Wanawake waliotoka shambani walifunguka pande mbili kama pazia. Mzee mmoja alitupa jembe. Midomo yao ilikuwa inafunguka na kufunga, na mimi kimya, amani, nasikia pumzi yangu tu.

Kwenye kona nilimwona Emilienne. Anatoka kwa baba yake, sufuria kichwani, anapanda mlima kuja upande wangu. Alinitambua kwa shati. Aliinua mkono. Na alikuwa anasema! Tangu hospitali hajaniambia hata neno la chumvi, na leo katikati ya barabara alikuwa ananiambia maneno mengi, mfululizo, uso wote unasema, na machozi nafikiri, ingawa kioo cha kofia kilikuwa na vumbi.

Sikuweza kusimama. Kisigino kilikuwa kimeshaungua. Alirukia majani, sufuria ikaenda kwake na yeye kwake. Nilimpungia mkono nikiwa napita.

Sasa nimefika chini, mzima, bila mchubuko wa kuhesabika. Namwona kule juu amesimama kando ya sombe iliyomwagika, bado anasema. Inaonekana ni jambo la maana sana. Labda amenisamehe. Sisikii hata kidogo.

Jumatatu nitamtafutia na yeye kofia kama hii.